Maji Yasiyonuka Dawa

Watu wa klabu ile walikuwa na imani moja, na imani hiyo ilikaa puani. Maji yakinuka dawa, basi ni safi. Yasiponuka, hata yang'ae vipi, mzazi atasimama ukingoni na begi la mtoto begani, atanusa, atakunja uso, kisha atauliza kama leo fundi kasahau kazi yake. Mwalimu wa kuogelea alikuwa amewasikia wakiuliza hivyo miaka nenda miaka rudi, na kila mara aliwajibu kwa tabasamu. Mpaka siku daktari alipomweleza kwamba harufu ile wanayoipenda si harufu ya usafi hata kidogo. Ni harufu ya klorini iliyokwisha kukutana na jasho na mikojo ya watoto wao. Mwalimu alicheka mpaka akaanza kukohoa, na kikohozi chenyewe ndicho kilichokuwa kimempeleka kwa daktari.

Kifua chake kilikuwa kimechakaa. Bwawa lilikuwa la ndani, chini ya paa la bati, madirisha yako juu kabisa na yameshikwa na kutu, hayafunguki. Mvuke wa dawa ulitanda juu ya maji, pale pale muogeleaji anapoinua kichwa kuvuta pumzi. Mtoto huogelea somo lake akaenda zake nyumbani kula. Mwalimu alishinda humo. Usiku alilala ameegemea mito, nusu amekaa, akipiga filimbi kifuani bila kutaka. Daktari hakuuma maneno: ama yeye aache maji, ama maji yaache klorini.

Kuacha maji! Afadhali angeambiwa aache chumvi, sukari na watu. Nchi kavu alikuwa mwanamke mfupi, mnene kidogo, wa magoti mabovu, ambaye kwenye foleni hakuna anayemwona. Majini mambo yaligeuka. Mwili ulikuwa mwepesi, sauti ilijaa ukumbi mzima, na mtoto aliyekuwa akimlilia mama yake alimng'ang'ania shingoni akanyamaza. Hakuwa na kitu kingine duniani alichokiweza kama hicho. Alilijua hilo, wala hakujionea huruma, ila pia hakuwa tayari kunyang'anywa.

Basi akaingia vitani. Aliuliza huku na huku, akasoma, akapiga simu kwa watu asiowajua, mpaka akapata habari za dawa ya bwawa isiyo na klorini. Ilikuja katika madumu mawili: moja la kuua vijidudu, lingine la kuunguza jasho na mafuta ya ngozi yanayobaki majini. Haina mvuke wa kuchoma kifua, haiwashi macho, haipaushi nguo. Alimwendea Meneja wa klabu, mtu mrefu asiyependa maneno mengi, akamwekea maneno mengi mezani. Meneja alimsikiliza hadi mwisho kwa sababu wazazi walimpenda Mwalimu kuliko walivyompenda yeye.

"Tujaribu," akasema mwishowe. "Mpaka siku ya mashindano ya watoto. Yakienda vizuri, kamati itapitisha moja kwa moja. Yakienda kombo, tunarudi kwenye klorini, na usinililie."

"Sitakulilia," Mwalimu akajibu.

Kazi ya kutunza maji yenyewe ilikuwa ya fundi wa bwawa, na fundi wa bwawa alikuwa mumewe. Walikutana pale pale, yeye na filimbi shingoni, yule bwana na ndoo mkononi, na tangu hapo waliitana kwa kazi zao, hata jikoni, hata kitandani: Mwalimu, Fundi. Ulianza kama utani ukawa mazoea. Binti yao, ambaye sasa ameolewa mbali, akipiga simu huuliza, "Fundi hajambo?" kisha hucheka peke yake.

Fundi hakufurahia habari za madumu mawili, lakini hakupinga. Alikuwa mtu wa kunung'unika akiwa amekupa mgongo. Walipokaa mezani jioni, Mwalimu akamsomea maelekezo yaliyobandikwa kwenye dumu, maana Fundi hakupenda kuvaa miwani.

"'Usichanganye na klorini kwa hali yoyote. Maji yataharibika.' Umesikia hiyo?"

"Nimesikia."

"Hii dawa na klorini hazipikiki chungu kimoja. Klorini ikiingia hata kidogo, imekula kwetu."

"Hata kijiko?"

"Hata kijiko."

"Hata nikiinusisha tu maji kwa mbali, wasalimiane?"

Walicheka wote wawili. Ilikuwa jioni nzuri, na Mwalimu aliikumbuka baadaye kwa hasira, kwa jinsi ilivyokuwa nzuri.

Bwawa likamwagwa lote, kuta zikasuguliwa, mchanga wa chujio ukabadilishwa, maji mapya yakaingia. Ndoo za unga wa klorini zikarudishwa stoo ya nje, isipokuwa moja ambayo Fundi alibaki nayo chumba cha pampu kwa ajili, alisema, ya kuoshea sakafu ya vyoo. Mwalimu aliiona akaiacha. Mtu hawezi kumpekua mumewe kila kona.

Zikaanza siku ambazo Mwalimu alikuwa ameshakata tamaa ya kuziona. Alivuta pumzi ndani ya ukumbi ule na pumzi ikaenda hadi chini, ikageuka, ikarudi. Ile filimbi ya kifuani ikanyamaza. Usiku alilala chali kama mtoto, na Fundi mwenyewe akamwambia asubuhi moja kwamba ameamka mara mbili kumsikiliza kama bado yu hai. Macho ya watoto hayakuwa mekundu tena. Mtoto mmoja mwenye ngozi ya kuchubuka, ambaye mama yake alikuwa amemtoa darasani, alirudi na kukataa kutoka majini mpaka akabebwa.

Wazazi, hata hivyo, waliendelea kunusa. Watu bwana! Ukiwaondolea moshi machoni watakuuliza moto uko wapi.

"Mwalimu, haya maji yana dawa kweli?" mama mmoja wa kamati aliuliza.

"Yana dawa, mama yangu. Ila haipigi kelele."

Mkaguzi wa afya akaja na vichupa vyake, akachukua maji kila kona, na majibu yakarudi safi kabisa. Meneja akayabandika ukutani. Mkaguzi alimpa Mwalimu mkono, akamshika kwa nguvu, akasema angependa kuona mabwawa mengine yakifuata. Fundi alikuwa amesimama kando akimshikia mkaguzi kikasha chake cha vichupa. Mwalimu hakuliona hilo siku ile. Alikuwa na furaha, na furaha humfanya mtu asitazame pembeni.

Asichokiona ni kwamba kazi ya Fundi ilikuwa imepungua ikawa kumimina na kufunga mfuniko. Zamani alijulikana kuwa anakuja kabla hajafika, kwa ile harufu nguoni. Zamani alipima unga kwa mkono, bila kijiko, akaangalia maji kwa jicho moja, akasema "bado," na watu wazima na vyeo vyao wakasubiri ukingoni mpaka aseme "haya." Sasa hakuna aliyesubiri. Mlinzi wa getini, mtu wa mdomo, alimpa jina, Mganga Bila Dawa, na likashika haraka kama majina mabaya yote. "Mganga, leo umetibu nini?" Fundi alicheka pamoja nao. Nyumbani alianza kula bila kusema.

Siku chache kabla ya mashindano, maji yalififia kidogo. Hayakuwa machafu, ni ule weupe hafifu unaotokea watoto wakiwa wengi na mazoezi yakizidi. Mwalimu alilijua hilo, lilikuwa limeandikwa, na alimwambia Fundi aongeze dawa ya dumu la pili na kuacha pampu ikifanya kazi mpaka asubuhi. Fundi akaitikia kwa kichwa.

Asubuhi ya mashindano Mwalimu aliamka akakuta upande wa pili wa kitanda umeshapoa. Hakushangaa, siku kubwa kama ile fundi lazima awahi. Akavaa, akachukua filimbi, akaenda. Alipofungua mlango wa ukumbi, pua yake ilijua kabla ya macho. Klorini. Ilikuwa hafifu, mtu mwingine asingeinusa, lakini yeye ilimpiga kooni kama kofi. Kisha akayaona maji.

Yalikuwa na rangi ya chai iliyotiwa maziwa mabovu. Mabonge ya kahawia yenye kunata yalielea juu, mengine yameganda kwenye vigae, na mistari ya njia za kuogelea ilikuwa haionekani kabisa chini. Fundi alikuwa amesimama upande wa pili, wavu mkononi, akiokota bonge moja moja. Hakuinua macho.

Mwalimu hakupata hata muda wa kuzunguka bwawa. Meneja aliingia, nyuma yake wazazi, nyuma yao watoto waliokwisha kuvaa kofia za kuogelea. Mtoto mmoja alisema "Yaak!" kwa sauti, na wengine wakaanza kucheka. Wazazi hawakucheka.

"Fundi," Meneja akasema, "hiki ni nini?"

"Meneja, mimi ni mtu wa kutumwa," Fundi akajibu, bado anatazama wavu wake. "Dawa hizi ni ngeni. Mimi sikuzifurahia tangu mwanzo."

Ona ujanja wa maneno hayo. Humo ndani huwezi kuokota uongo hata mmoja, na bado yote ni uongo mtupu.

Mwalimu alimtazama mumewe toka kichwani hadi miguuni. Suruali yake ya kazi, ile ya bluu, ilikuwa na madoa mapya meupe kwenye mapaja, ya unga uliomwagika kwa haraka. Angeweza kunyoosha kidole pale pale. Watu wote walikuwapo, na ndoo yenyewe ilikuwa chumba cha pampu, hatua chache kutoka miguuni mwa Meneja. Lakini alifunga mdomo. Alidhani ni kosa. Alidhani Fundi ameona maji yamefifia, akaogopa mkewe ataaibika mbele za watu, na mkono ukaenda ulikozoea kwenda, maana mkono wa mtu wa kazi ile una akili zake. Akisema sasa, mumewe atafukuzwa hadharani mbele ya watoto waliovaa kofia. Hayo ni ya nyumbani, akajiambia. Yatakwisha nyumbani.

Mashindano yakafutwa. Meneja akatangaza kwamba bwawa litamwagwa, litajazwa tena na kutiwa klorini kwa sasa, ili watoto wasikose masomo, na kamati itakaa Ijumaa kuamua kabisa. Akapita mbele ya Mwalimu, na Mwalimu hakumlilia.

Jioni alimsubiri Fundi sebuleni. Alikuwa ameshamsamehe kabla hajafika. Alikuwa amempangia hata neno la kujitetea, limekaa tayari kwenye ulimi wake kama sahani iliyofunikwa.

"Ulisahau," akamwambia. "Niambie tu ulisahau, tuyamalize."

Fundi alikuwa akivua viatu. Neno "ndiyo" lingetosha, na angepita salama.

"Sikusahau," akasema.

Mwalimu akakaa chini polepole.

"Ulijua itaharibika?"

"Si ulinisomea mwenyewe."

"Kwa nini, sasa?"

"Kwa ajili yako." Alisema kwa haraka, kama mtu aliyefanya mazoezi njiani. "Utakaa kwenye yale maji mpaka lini? Kifua kile kitakuua. Nilitaka utoke upumzike."

"Kifua kimepona, Fundi. Wewe ndiye uliyeamka usiku kunisikiliza."

Fundi alikishika kiatu kimoja mkononi, akakigeuza, akatazama soli. Kisha yakatoka yaliyokuwa chini.

"Unajua wananiitaje pale? Unajua, au hujawahi kusikia? Mganga Bila Dawa. Zile ndoo zimenila kucha, zimenila macho, lakini nilikuwa mtu. Ukaja na madumu yako. Kitu ambacho hata mlinzi anaweza kumimina. Yule mkaguzi akakupa mkono wewe, mimi akanipa mzigo wake nishike. Nawe ulikuwa hapo hapo, unacheka."

"Sikuona."

"Ndiyo. Hukuona."

Mwalimu alimwonea huruma, na huruma hiyo ikamkasirisha kuliko kosa lenyewe. Alitaka kumchukia bila kitu kingine kuchanganyika humo, na akashindwa.

"Ungeniambia."

"Ungesikia?"

Mwalimu alikuwa mtu wa kweli, na hakuwa na uhakika.

"Kamati inakaa Ijumaa," Mwalimu akasema. "Wakijua ni klorini, wataelewa dawa haikuwa na kosa. Nenda kamwambie Meneja."

"Atanifukuza."

"Labda. Ukisema mwenyewe, mimi nitakuwa wa kwanza kukuombea. Nikisema mimi, nitakuwa nimemshitaki mume wangu."

Fundi akashusha pumzi ndefu. "Acha nimalize kusafisha. Hakuna mwingine anayelijua lile chujio. Ijumaa asubuhi, kabla hawajakaa, twende wote wawili. Nitasema."

"Utasema?"

"Mwalimu. Nimekwambia nitasema."

Akamwamini. Ndoa ya muda mrefu ina ubaya huo, unaendelea kumwamini mtu kwa mazoea, kama unavyoacha mlango wa nyuma bila kufuli.

Siku zilizofuata alibaki nyumbani, naye Fundi alitoka alfajiri akarudi amelowa na amechoka. Lakini alirudi anaimba. Bwawa lilikuwa limemtaka tena. Fundi huku, Fundi kule. Meneja alishuka mwenyewe hadi chumba cha pampu kumuuliza watamaliza lini. Wazazi walisimama kwenye ukingo mkavu wakamsifu kwa sauti, kwamba bila yeye klabu ingefungwa. Mlinzi aliacha kumwita Mganga. Harufu ikarudi nguoni, kisha kwenye taulo, kisha kwenye mto, na usiku Mwalimu akainuka, akapanga mito mitatu, akalala nusu amekaa. Alijipa moyo kwamba Ijumaa haiko mbali.

Ijumaa walitoka pamoja. Fundi alimbebea begi. Njiani alinyamaza, na Mwalimu hakumsumbua, akidhani anayapanga maneno yake. Meneja hakuwa ofisini. Alikuwa ukumbini na mama wa kamati na wazazi wengine wawili, wamesimama wakitazama bwawa lililojaa. Maji yalikuwa ya bluu, yametulia, vigae vinahesabika chini. Ukumbi mzima ulinuka dawa, na wazazi walikuwa wakivuta pumzi kwa raha.

"Hapo sasa," mama wa kamati akasema. "Haya ndiyo maji."

Mwalimu akahisi kamba ya kwanza ikikazwa kifuani. Hakuijali.

"Meneja," akasema, "Fundi ana neno kabla hamjakaa."

Wote wakamgeukia Fundi. Fundi akayatazama maji yale, mazuri, aliyoyaweka sawa kwa mikono yake. Akawatazama wale wazazi. Mwalimu alimwona akimeza mate, na kwa kitambo kifupi aliona kabisa kwamba neno limefika mdomoni.

"Sina neno, Meneja," akasema. "Nimemsindikiza tu."

Mwalimu akawageukia wale wengine.

"Alitia klorini," akasema, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza kwa jinsi ilivyokuwa ndogo humo ambamo siku zote ilikuwa kubwa. "Usiku wa kuamkia mashindano. Alijua maji yataharibika, na akaitia. Dawa yangu haikuwa na kosa. Mwulizeni. Aliniambia mwenyewe kwa mdomo wake."

Meneja akakunja uso. "Fundi?"

Fundi akaweka begi chini. Akaja karibu na mkewe, akamwekea mkono begani, na akasema kwa upole ambao Mwalimu alikuwa hajausikia kwake kwa muda mrefu:

"Msameheni. Ana uchungu. Kazi hii aliipenda kuliko kitu chochote, na kuiacha si rahisi. Tangu siku ile hajalala vizuri, na kifua nacho kimemrudia, kinamchanganya. Mimi sina kinyongo naye."

"Kwa nini hukuyasema haya siku ile ile, Mwalimu?" Meneja akauliza, si kwa ukali. "Ulikuwa umesimama pale pale."

Jibu alikuwa nalo. Lilikuwa jibu rahisi, na angelisema mbele ya watu wote, na huenda mmoja wao angelisadiki. Alifungua mdomo, akavuta pumzi ya kulisemea, na pumzi ikajaa klorini. Kifua kikafunga. Akakohoa, akajaribu tena, akakohoa zaidi, machozi yakamtoka, akainama akashika magoti yake mabovu. Kila alipoinua kichwa ili aseme, kikohozi kilimrudisha chini.

"Jamani, pole," mama wa kamati akasema. "Pole sana, mwalimu wetu. Fundi, mpeleke nyumbani akapumzike. Tutamtafutia mwingine wa kushika darasa."

Fundi hakumwondoa haraka. Alimwinamia, akamshika kiuno kwa mkono mmoja asianguke majini, na kwa mwingine akawa anampigapiga mgongoni, taratibu, akimwambia avute pumzi. Wale wazazi wakatazamana, na mmoja akamnong'oneza mwenzake kwamba huyu mama, pamoja na yote, ana bahati ya mume.